Eskaveta juu ya maduara ya zamani: tupange vipi shimo la wazi kwa awamu?

*"Sisi ni kikundi cha watu 14, tuna leseni ya uchimbaji mdogo wa dhahabu wilayani Misungwi, mkoa wa Mwanza. Eneo lilichimbwa zamani. Kuna maduara (mashimo ya wima ya wachimbaji wadogo) kama 20 kwenye mstari mmoja wa mita 100 hivi, mengine yamefunikwa kwa magogo na udongo. Upande wa chini kuna shimo kubwa lenye maji mwaka mzima, na kwenye korongo kuna malundo ya marudio (mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kutolewa dhahabu). Amejitokeza mfadhili mwenye eskaveta na tipa mbili. Anataka tufungue shimo moja la wazi tufuate mkanda (mshipa wa mawe yenye dhahabu) mpaka mita 30, kwa sababu wazee walishatuonyesha dhahabu ilipo na maduara yao yatatupunguzia kazi. Baadhi yetu tunaona tuanze kidogo kidogo. Tuanzie wapi, kifusi tukiweke wapi, na awamu zipangweje?"*

Ndugu zangu, wanaotaka kuanza kidogo kidogo wana hoja, ila udogo peke yake hauwasaidii. Hata shimo dogo linaua likifunguliwa mahali pabaya. Kinachowasaidia ni mpangilio: kipi kitangulie, kipi kingoje, na kila tipa ya kifusi iende wapi ili isihamishwe mara ya pili. Kabla ya hayo yote, mnatakiwa kujua chini ya ardhi yenu wapi pako wazi na wapi pana maji.

Nianze na neno la mfadhili. Maduara hayakuwapunguzia kazi, yamewapunguzia mbale, yaani mawe yenye dhahabu. Chukueni mkanda wa upana wa mita 2 uliosimama karibu wima, kwenye mstari wenu wa mita 100. Mkishuka mita 15, mbale zote zilizokuwamo kabla mtu hajagusa ni mita za ujazo 3,000. Kuta nazo haziwezi kusimama wima, lazima zilazwe. Zikilazwa kwa wastani wa nyuzi 45, kifusi cha pande mbili ni mita za ujazo 22,500, bila kuhesabu ncha za shimo. Hapo mnaondoa kifusi saba na nusu kupata mbale moja. Mkishuka mita 30, mbale zinakuwa 6,000 na kifusi 90,000. Kina kimeongezeka mara mbili, kifusi mara nne.

Sasa toeni walichokwisha kuchukua wazee. Kama maduara na mahandaki yake yalitoa sehemu tatu kwa tano za mbale katika mita 15 za kwanza, mmebakiwa na mita za ujazo 1,200, na kifusi hakijapungua hata toroli moja. Uwiano umeruka hadi karibu 19 kwa moja. Tena udongo ukilegezwa unavimba, kwa hiyo 22,500 zinakuwa kama 29,250 zikiwa juu ya tipa. Kwa tipa ya mita za ujazo 15, hizo ni safari 1,950, na hapo mmefika nusu tu ya kina anachokitaka mfadhili. Mwambieni awaonyeshe dizeli ya safari hizo, kisha awaonyeshe vipimo vya maabara vya mbale zilizobaki. Vyote viwili viwe kwenye karatasi.

Jambo la pili ni yale maduara yaliyofunikwa. Duara lililofunikwa kwa magogo bado ni duara, tena ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Gogo huliwa na mchwa, udongo wa juu huota nyasi, na baada ya misimu michache ya mvua hakuna anayekumbuka. Hata handaki lisilo na mdomo juu hupanda lenyewe. Paa lake humeguka kidogo kidogo, kinachoanguka kinavimba na kujaza nafasi iliyokuwa tupu, na uwazi unasogea juu mpaka ujisakame, yaani ujae na kujifunga wenyewe. Hesabu yake ni rahisi: gawanya kimo cha handaki kwa kiasi cha uvimbe. Handaki la mita 2 kwenye udongo unaovimba kwa asilimia 30 litapanda mita 6 hadi 7 kabla ya kujisakama. Udongo ukivimba kwa asilimia 20 tu, litapanda mita 10. Hesabu hiyo inashika pale tu kinachoanguka kinapobaki palepale. Kikiteremkia ndani ya duara la jirani, au maji yakikisomba, hakuna cha kusakama, na uwazi utaendelea kupanda mpaka kwenye nyasi. Ndiyo maana ardhi inaweza kukaa kimya miaka mingi, halafu ikatitia asubuhi baada ya mvua moja kubwa, au eskaveta inapokanyaga.

Na msidanganywe na majabali ya Mwanza mjini. Jiwe la Bismarck ni mwamba wa matale (graniti), umesimama kwenye maji ya ziwa na haujali. Mikanda ya dhahabu ya ukanda wetu iko kwenye miamba ya aina nyingine, ambayo kwa juu imeoza, mara nyingi kwa makumi ya mita, ikawa udongo mwekundu na wa njano. Kiangazi udongo huo unasimama kama ukuta wa nyumba. Ukilowa unateleza.

Kujua wapi pako wazi

Anzeni na wazee waliochimba hapo. Walipeni posho, wapelekeni eneoni, kila mmoja kwa wakati wake, aonyeshe duara lake lilishuka kamba ngapi na lilipiga kona kuelekea wapi. Maelezo yakigongana, mahali hapo pawekeni alama nyekundu. Kisha tembeeni eneo lote siku mbili baada ya mvua mkitafuta mviringo wa nyasi mbichi kuliko za pembeni, ufa wenye umbo la mwezi mchanga, kibonde kisicho na sababu, mti ulioinama peke yake. Popo wakitoka ardhini jioni, hapo kuna mdomo. Kila alama ipimwe kwa GPS na ipigwe picha yenye tarehe. Picha hizo zitawafaa pia siku ya ukaguzi, maana mashimo mliyoyakuta yatahesabiwa kuwa yenu msipoweza kuonyesha kuwa mliyakuta.

Mtu asiteremshwe kwenye duara la zamani kwenda kuangalia. Hewa iliyolala humo inaweza kuwa haina oksijeni ya kutosha, na haina harufu ya kukuonya. Anayeshuka anazimia, anayemfuata kumwokoa naye anazimia. Teremsheni kamba yenye uzito kupima kina, na simu au kamera yenye taa mkitaka picha.

Baada ya hapo ni kutoboa. Mahandaki ya wachimbaji wadogo huwa na upana wa mita moja au chini, kwa hiyo matundu yaliyoachana mita 5 yanaweza kuyapita yote na kuwaachia ramani ya uongo. Kwenye mstari wa mkanda, matundu yaachane mita 2, na mpige mistari mingine miwili sambamba. Kina kiwe mita 10, yaani ngazi mbili za kuchimba, za mita 5 kila moja, mbele yenu. Mtoboaji aandike kila kitu: chuma cha kutobolea kikidondoka ghafla, hewa inayopulizwa tunduni isiporudi juu, unga wa mwamba ukipotea, hapo pana uwazi. Kazi hii inarudiwa kila mnapofika kwenye ngazi mpya. Kutoboa mara moja juu hakutoshi.

Kuna kosa moja ninaloliona likirudiwa hata na madereva wazuri. Mkanda haulali wima kabisa. Tuseme umeinama kwa nyuzi 70. Kwenye kina cha mita 20 utakuwa umesogea mita 7 hivi kutoka mahali unapoonekana juu. Dereva anaegesha mashine mita 7 kando ya mstari wa maduara na kuamini amekaa mbali na hatari, kumbe amekaa juu kabisa ya handaki. Kwa hiyo mashine, tipa na barabara vikae upande mwingine, ule ambao mkanda unaukimbia kadiri unavyoshuka. Uwazi ukipatikana, msijaribu kupita juu yake hata kama paa linaonekana nene. Mashine ikae pembeni kwenye ardhi iliyotobolewa ikaonekana nzima, iliangushe paa kwa kijiko, ijaze mawe, ndipo kazi iendelee.

Maji

Lile shimo la maji lina uwezekano mkubwa wa kuunganishwa na maduara ya jirani kwa chini. Mkichimba kuelekea huko bila kulitoa, siku moja ukuta utatoboka na maji yatawakuta chini. Kwa hiyo anzieni ncha ya mbali nalo, ile ya juu ya mteremko.

Maji yatolewe polepole. Kuta zilizolowa miaka mingi zilikuwa zikishikiliwa na maji hayohayo. Mkiyatoa kwa pupa, maji yaliyo ndani ya udongo yanabaki yakisukuma kwa nyuma na ukuta unaporomoka. Kwenye udongo uliooza kama wenu, nashauri kushusha nusu mita kwa siku, msizidishe. Kama shimo lina mita 40 kwa 25, nusu mita ni mita za ujazo 500, yaani pampu ya mita za ujazo 50 kwa saa ikifanya kazi saa 10. Kwa kina cha mita 8 ni siku 16. Linganisheni na mvua: milimita 50 zikinyesha kwenye hekta moja inayoelekeza maji shimoni, ni mita za ujazo 500 zilezile. Mvua moja inafuta kazi ya siku nzima. Ndiyo maana mtaro wa kinga upande wa juu wa shimo unachimbwa kabla ya shimo lenyewe, na kuondoa kifusi kunapangwa Juni hadi Septemba. Mvua zikianza, kazi ihamie kwenye kusaga mbale mlizokwisha kulundika.

Maji hayo msiyamwage korongoni. Yapimwe kwanza zebaki, arseniki na uchachu, yapitie bwawa la kutuamisha tope, na mpate kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria.

Awamu zenyewe

Gaweni mstari wa mita 100 katika vipande vitatu. Kipande A kiwe mita 40 za juu, B mita 30 za kati, na C mita 30 zinazopakana na maji. Kina cha kwanza kiwe mita 15. Mita 30 itafikiriwa baadaye, vipimo vikiruhusu.

Kuta zikatwe kwa ngazi. Kimo cha ngazi mita 5, uso wake ulale kwa nyuzi 60, na kati ya ngazi moja na nyingine muache baraza ya mita 3. Ngazi tatu zenye baraza mbili zinakula mita 15 za upana, na hapo ndipo zilipotoka zile nyuzi 45. Baraza isafishwe kila wiki. Ikijaa vifusi haizuii tena jiwe linaloanguka.

Barabara ndipo ramani nyingi za karatasini huvunjikia. Kwa mteremko unaofaa tipa iliyobeba, mita moja kwa kila mita 10, kushuka mita 15 kunahitaji barabara ya mita 150, na shimo lenu lina mita 40. Kwa hiyo barabara ishuke mita 10 tu, ambayo ni mita 100 za urefu, ipite kando ya B na C upande ule salama, nayo itobolewe kama shimo linavyotobolewa. Tipa ziishie hapo. Mita 5 za mwisho eskaveta inazichimba ikiwa imesimama juu, ikirudi nyuma kuelekea barabara. Eskaveta ya tani 20 inafikia kina hicho. Upana wa barabara ya tipa moja uwe angalau mara mbili ya upana wa tipa, karibu mita 5, na ukingoni kuwe na tuta lisilopungua nusu ya kimo cha tairi.

Kifusi cha A hakina pa kurudi, lazima kitoke nje. Ni kama mita za ujazo 9,000 ardhini, 11,700 kikilegea. Kikilundikwa kwa wastani wa mita 4 kinahitaji mita za mraba 3,000. Tengeni ekari moja, kwa sababu ncha za shimo na miteremko ya lundo vinaongeza. Mahali hapo pasiwe juu ya mstari wa mkanda wala mwendelezo wake, pasiwe korongoni, pasiwe juu ya marudio, na pawe mbali na ukingo wa shimo kwa umbali usiopungua kina cha shimo. Kifusi kilichowekwa ukingoni ni uzito unaousukuma ukuta uwaangukie. Pachimbeni mitaro miwili mitatu ya majaribio kwanza, mchukue sampuli. Wengi wamefukia mkanda wa pili chini ya lundo lao wenyewe. Udongo wa juu, sentimita 20 hadi 30, ukusanywe peke yake kwa lundo lisilozidi mita 2, maana ndio utakaorudisha majani.

Kifusi cha B kinarudi ndani ya A, na hapo ndipo faida ya awamu inapoonekana: safari fupi, ardhi ndogo iliyochafuliwa, shimo moja wazi kwa wakati badala ya matatu. Ila msianze kujaza A kabla hamjatoboa sakafu yake na kupima mbale za chini. Mkishafukia, mmefunga mlango. Mawe mabichi yenye madini ya kung'aa ya manjano, yale ya salfa, yawekwe chini kabisa na kufunikwa kwa udongo uliooza, kwa sababu yakikaa hewani na mvua yanatoa maji machachu. C inakuja mwisho, shimo la maji likiwa limekwisha kukauka. Hiyo ndiyo itakayobaki wazi, kwa hiyo kuta zake za mwisho zilazwe zaidi na wigo uwekwe.

Marudio

Mfadhili hakuyataja, na mimi ningeyatazama kabla ya shimo. Yameshachimbwa, yameshasagwa, na mashine za zamani mara nyingi ziliacha dhahabu nyingi. Chukueni sampuli kutoka juu mpaka chini ya kila lundo, maana ya juujuu hudanganya, mpime dhahabu na zebaki pamoja. Vipimo vikiwa vizuri, hiyo ndiyo awamu yenu ya kwanza: haina kuta za kuporomoka na inaweza kulipia kutoboa.

Hatari ni zebaki. Marudio yaliyopitia zebaki yasipelekwe moja kwa moja kwenye sayanaidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu. Sayanaidi huyeyusha zebaki pia na kuifanya isafiri na maji. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki ambao Tanzania ni mwanachama wake, unataka utaratibu huo ukomeshwe, zebaki iondolewe kwanza. Korongo lenu linaishia ziwani. Huko kwenye tope, bakteria huigeuza zebaki kuwa aina inayoingia kwenye miili ya samaki, na sangara anayekula samaki wengine hukusanya zaidi ya wote. Lundo lililo ndani ya mita 60 za mto au ziwa lina masharti yake chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, kwa hiyo msiliguse bila kuwasiliana na chombo cha taifa cha kusimamia mazingira (NEMC). Kemikali zenyewe ziko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Njia zilizo mbele yenu, na mkataba

Mnaweza kuchakata marudio peke yake na kuiacha ardhi. Faida ni ndogo lakini ya mapema, na hatari ni ndogo. Mnaweza kwenda kwa awamu kama nilivyoeleza: fedha inazunguka polepole, na mnaweza kusimama baada ya A mkiwa hamjaharibikiwa. Au mfungue shimo moja la mita 30, ambalo kwa mbale zilizobaki na mashine tatu silioni likilipa. Kwa maoni yangu, anzeni na marudio, kisha A, kisha muamue tena.

Muangalie mkataba kwa makini. Mfadhili anayelipwa kwa mgawo wa dhahabu peke yake huwa na haraka ya kufukuza mkanda, na dereva anayelipwa kwa saa hana sababu ya kukata baraza. Mkataba utaje mita za ujazo za kifusi kwa kila awamu, utaje kimo cha ngazi na upana wa baraza, na useme nani ana mamlaka ya kusimamisha kazi. Mwenye mamlaka hayo asiwe mfadhili.

Wakati wa kuita mtu eneoni

Ramani ya uwazi na pembe za kuta zikaguliwe na mhandisi wa migodi au mjiolojia akiwa amesimama hapo hapo. Nyuzi 45 nilizotumia ni za kupangia hesabu. Udongo wenu unaweza kudai chini ya hapo. Mkifika kwenye mwamba usiochimbika kwa kijiko, mlipuaji awe na cheti, na ajue kwamba baruti karibu na handaki tupu hutafuta njia huko.

Mkiona ufa nyuma ya ukingo, pigeni vigingi viwili, kimoja kila upande, mpime kila asubuhi na kuandika. Milimita 2, 2, 2 ni ufa wa kuangaliwa. Milimita 2, 5, 12 ni ukuta unaokuja: ondoeni watu na mashine siku hiyo hiyo. Ondokeni pia maji yakianza kutoka ukutani mahali palipokuwa pakavu, hasa yakiwa na tope.

Kabla ya mashine kushuka kwenye lori, nendeni kwa Afisa Madini Mkazi mkiwa na mpango wenu wa kulinda mazingira na ramani moja kubwa yenye maduara yote, matundu mliyotoboa, vipande A, B na C, barabara, mtaro wa kinga, bwawa la tope na ekari ya kifusi. Ombeni ukaguzi wa eneo ufanyike kabla ya kuanza, na mrudi na nakala iliyopigwa muhuri.